Sijambo ya Mwenye Pumu

Pumzi ni mali ya kwanza apewayo mtu na ya mwisho anyang'anywayo. Baina ya nyakati hizo mbili yeye haihesabu. Huhesabu mbuzi, magunia ya mahindi, watoto na miaka. Lakini pumzi, ambayo humwingia na kumtoka kiasi cha mara 20,000 kwa kila mchana na usiku wake, haina daftari. Aanzaye kuihesabu ni yule aliyeanza kuikosa, na huyo ndiye mwenye pumu. Lugha yenyewe imeyaweka mambo haya pamoja: pumu, pumua, pumzi na pumzika ni maneno ya ukoo mmoja, na mtu asiyepumua vyema hapumziki hata alalapo kitandani.

Maradhi haya ni ya kale. Maimonides, tabibu mkubwa wa Misri katika karne ya 12, aliandika risala nzima kwa Kiarabu juu ya pumu, kwa ajili ya mgonjwa mmoja wa nasaba tukufu. Tangu zama zile elimu imepiga hatua nyingi, walakini haijapatikana dawa ya kuing'oa pumu mzizi wake. Katika mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikadiriwa kuwa nayo, na watu kama 455,000 walikufa kwa sababu yake. Walio wengi miongoni mwa waliokufa walikuwa wa nchi zenye kipato kidogo. Ambacho tiba inaweza kutoa ni utawala. Maradhi hubaki kifuani, lakini yaweza kufanywa mtumwa badala ya bwana. Kwa hiyo swali lifaalo kuulizwa juu ya mwenye pumu ni moja: katika nyumba hii ya mwili, nani anatawala? Swali hili ni jepesi kulitamka, na kulijibu kwa haki ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani.

Pana mahali ambapo ugumu wake huonekana bayana. Karatu ni mji ulio juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Atokaye Arusha hupita Makuyuni na Mto wa Mbu, hupanda mlima mkali juu ya Ziwa Manyara, akatokea kwenye nchi ya udongo mwekundu, mahindi, maharage, mbaazi, ngano na kahawa. Wakati wa kiangazi udongo ule huinuka ukawa hewa. Siku ya mnada ng'ombe, magari na miguu ya watu huutimua, hata mtu aliyevaa nguo nyeupe asubuhi hurudi kwake jioni na rangi nyingine. Wakati wa mavuno mashine za kupukuchua mahindi hurusha makapi na vumbi jembamba. Mbele ya mji, baada ya lango la Lodoare, barabara huingia msituni na kupanda mpaka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kwenye mita 2,300 hivi, ambako ukungu hulala juu ya miti na baridi ya alfajiri hukata kama wembe. Huko Wamasai hukaa katika maboma yao. Nyumba zao zina madirisha madogo sana, ndama wachanga hulala ndani pamoja na watu, na moto wa kuni huwaka usiku ili ufukuze baridi. Moshi, vumbi, baridi na mafua ya majira ya mvua ni wachokozi wanne wa pumu, nao wote wana makazi katika nchi hii.

Inafaa kueleza kidogo namna maradhi yanavyofanya kazi, kwa kuwa pasipo hilo hukumu juu yake haiwezi kuwa sawa. Ndani ya kifua mna mirija ipelekayo hewa mapafuni. Kwa mwenye pumu kuta za mirija hiyo huwa na uvimbe mdogo usiokwisha, hata siku ambayo yeye hasikii lolote. Uvimbe huo ni moto uliofunikwa na majivu. Akija mchokozi, misuli inayoizunguka mirija hukaza, kuta huvimba zaidi, na kohozi zito huziba nafasi iliyosalia. Hewa huingia kwa shida na kutoka kwa shida kubwa zaidi, na kifua hupiga mluzi. Dawa za kawaida ni za namna mbili, na zote mbili huvutwa kwa mdomo kutoka katika pampu ndogo. Ya kwanza, ambayo aghalabu pampu yake ni ya bluu, ni salbutamoli. Hulegeza misuli kwa dakika chache, na nguvu zake hudumu kwa saa nne hadi sita, lakini uvimbe hauugusi. Ya pili ni ya jamii ya steroidi. Hiyo hupunguza uvimbe kwa siku na majuma, wala haimpi mgonjwa hisia yoyote ya papo hapo. Ya kwanza hupata shukrani zote. Ya pili haishukuriwi, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia jambo lisitokee. Na ni nani amshukuruye mlinzi kwa mwizi ambaye hakuja?

Sasa na itazamwe adabu ya salamu. Mtu akiulizwa “Hujambo?” hujibu “Sijambo,” yaani hana jambo. Mgonjwa aliyelazwa, akitazamwa na jamaa zake, husema “Sijambo, namshukuru Mungu,” hata ikiwa usiku uliopita alikuwa karibu na kaburi. Hasemi uongo. Anatimiza wajibu wa kwanza wa mtu mbele ya mtu, ambao ni kutomtupia mwenzake mzigo kabla hajaketi. Habari huwa nzuri kwanza, kisha ndipo lije neno “ila”: nzuri, ila mtoto amelazwa, nzuri, ila mvua imekataa. Kila aijuaye lugha hungoja “ila” kwa subira, maana ukweli wa siku ile umekaa nyuma yake. Karatu na Ngorongoro hukutana Wairaki, Wamasai, Wabarbaig, Wahadzabe na watu waliotoka mbali, kila taifa na lugha yake. Na wakutanapo hospitalini husemezana kwa Kiswahili, wakaipokea pamoja nacho heshima hiyo ya salamu.

Heshima hiyo ni pambo la watu, lakini ikiingia katika chumba cha tabibu huwa pazia. Tabibu auliza, “Unaendeleaje?” Yeye ameuliza swali la tiba, na mgonjwa amesikia salamu. Jibu ni la salamu. Kalamu huandika kwamba hali ni njema, dawa hutolewa ile ile, na mtu hurudi nyumbani na maradhi yasiyotawaliwa. Hapana mkosaji katika mazungumzo hayo. Mmoja aliuliza kwa upole, mwenziwe akajibu kwa adabu, na pumu ikapita katikati yao bila kuguswa.

Na uchukuliwe mfano wa mama mmoja wa vilima vya Rhotia, ambaye hapewi jina hapa kwa kuwa majina yake ni mengi: hapana kijiji ambacho hakina mmoja wa namna yake. Ana umri wa miaka arobaini na kitu. Pumu alikuwa nayo tangu utoto. Zamani aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa, na alipopanda kilima na ndoo ya maji kichwani aliongea njia nzima. Baadaye akahamia sauti ya pili, akisema kwamba ya kwanza inawafaa wasichana. Kisha akaacha kuimba, akisema kwamba shamba limemzidi. Ndoo ya maji aliachiwa mtoto. Kitandani aliongeza mto wa pili, halafu akazoea kulala ameegemea ukuta. Kicheko chake, kilichokuwa kikisikika nyumba ya tatu, kilikuwa cha kufumba mdomo, kwa sababu kicheko kikubwa humletea kikohozi. Hakuna siku moja ambayo alisema, “Leo pumu imeninyang'anya kitu.” Alitoa kidogo kidogo kwa hiari yake, kama mtu alipaye kodi ndogo kila mwezi asijue kwamba mwishoni ameuza shamba. Naye, akiulizwa, hajambo.

Mama huyu alipokwenda kuchukua dawa alimkuta muuguzi kijana, wa umri wa mwanawe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Kifua hakijambo?”

“Hakijambo, mwanangu. Namshukuru Mungu.”

Mwingine angaliishia hapo. Kijana huyu hakuishia hapo, wala hakumkana mama kauli yake.

“Vyema, mama. Sasa nisaidie kuhesabu. Tuchukue majuma manne yaliyopita. Uliamka usiku kwa ajili ya kifua?”

“Kuamka kupo, lakini si kwa ubaya. Naketi kidogo, napata nafuu, nalala.”

“Mara ngapi kwa juma?”

“Mbili. Baridi ikizidi, tatu.”

“Na pampu hii ya bluu uliinunua lini?”

“Mwezi uliopita.”

“Na ile iliyokwisha kabla yake?”

“Mwezi uliotangulia huo.”

“Na kwaya, mama? Bado unaimba?”

“Kwaya nimewaachia vijana.”

“Uliwaachia kwa kupenda?”

Hapo mama alinyamaza. Lilikuwa swali la kwanza ambalo salamu haikuweza kulijibu.

Aliyoyauliza kijana yule si ya kubuni. Mwaka 1993 uliundwa umoja wa wataalamu wa pumu duniani, ambao kwa ufupi huitwa GINA, na mwongozo wake huwapa matabibu maswali manne juu ya majuma manne yaliyopita. La kwanza: je, dalili za mchana, kama kubanwa kifua, mluzi, kikohozi au kuhema, zilimjia mgonjwa zaidi ya mara mbili kwa juma? La pili: je, aliamshwa usiku na pumu, hata mara moja? La tatu: je, alihitaji dawa ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa juma? La nne: je, kuna kazi, mwendo au mchezo alioshindwa kuufanya kwa sababu ya pumu? Akijibu hapana kwa yote manne, pumu yake imetawaliwa vizuri. Akijibu ndiyo kwa moja au mawili, imetawaliwa nusu. Akijibu ndiyo kwa matatu au manne, haikutawaliwa. Upo pia mtihani mwingine wa maswali matano, uliotangazwa mwaka 2004, ambao alama zake huanzia 5 hadi 25, na aliyepata 20 au zaidi huhesabiwa kuwa katika hali njema. Mama wa Rhotia, kwa usiku wake, pampu yake na kwaya yake peke yake, amekwisha kuwa na ndiyo tatu. Sijambo yake ilikuwa kamili kwa adabu, na kwa hesabu haikusimama.

Faida ya maswali haya ni kwamba hayamwulizi mtu anajionaje. Humwuliza amefanya nini na ametendewa nini. Ajionavyo mtu hutegemea alivyozoea, na wahenga walisema mazoea yana taabu. Aliyezoea kuamka mara tatu kwa juma huona juma la mara mbili kuwa neema. Mtu humpima mgonjwa wa pumu kwa usiku ule wa kutisha alipobebwa mgongoni kwenda kutafuta gari, na kila usiku usiofanana na ule huitwa mzuri. Kipimo hicho ni kirefu mno. Apimaye kina cha kisima kwa mti wa mnazi ataona visima vyote ni vifupi.

Swali la nne ndilo gumu kuliko yote, na ndilo lipitwalo upesi. Mtu aliyeacha kupanda kilima hahemi kilimani. Aliyeacha kukimbia hapigi mluzi kwa kukimbia. Dalili zake ni chache kwa sababu maisha yake yamekuwa machache. Mtoto wa boma la Ngorongoro ambaye hachungi tena mbali pamoja na wenzake, bali hubaki na ndama karibu na nyumba, aweza kuitwa mtoto mtulivu. Mwongozaji wa wageni ambaye zamani alitembea nao ukingoni mwa kreta, na siku hizi anapenda kukaa garini, aweza kusema kwamba umri umemjia. Wapo wanaoutwika lawama mwinuko wa nchi. Lakini aliyezaliwa na kukulia katika nchi ya juu amekwisha kuizoea hewa yake, na wenziwe wa umri wake wanapanda vilima vile vile huku wakizungumza. Kwa hiyo haitoshi kuuliza, “Unashindwa nini?” Yafaa pia kuuliza, “Uliacha nini, na lini?”

Swali la tatu lina ushahidi ambao hauna haja ya kumbukumbu ya mtu. Pampu ya kawaida ya salbutamoli ina mivuto 200. Mtu aihitajiye siku mbili kwa juma, mivuto miwili kila mara, hutumia mivuto minne kwa juma, nayo kwa mwaka ni 208. Maana yake ni kwamba pampu moja karibu ingemtosha mwaka mzima. Yule amalizaye pampu moja kila mwezi anavuta mara sita au saba kila siku ya Mungu. Atumiaye pampu tatu au zaidi kwa mwaka amekwisha kuingia katika hatari iliyozidi ya kushikwa vikali, na atumiaye 12 au zaidi hatari yake ya kufa imeongezeka. Muuza duka la dawa wa Karatu, akiwa na daftari na macho, aweza kumtambua mtu ambaye pumu yake haikutawaliwa kabla ya tabibu kumwona. Vivyo hivyo mke, mume au mtoto ambaye kazi yake ni kutumwa dukani.

Hapa ndipo rafiki ageukapo kuwa hatari. Salbutamoli ilipoingia katika matumizi, mwishoni mwa miaka ya 1960, ilikuwa rehema, nayo ni rehema hata leo kwa mtu aliyebanwa. Walakini rehema hiyo huondoa maumivu ya onyo na kuuacha moto uwake chini ya majivu. Mwaka 2014 Uingereza ilichapisha uchunguzi wa vifo 195 vilivyosababishwa na pumu. Miongoni mwa wagonjwa waliokuwa wakitumia dawa ya kutuliza, ambao hesabu ya pampu zao ilijulikana, 39 kwa kila 100 walikuwa wameandikiwa zaidi ya pampu 12 katika mwaka wa mwisho wa maisha yao. Watu 45 kwa kila 100 walikufa bila ya kutafuta tabibu au kabla ya msaada wake kuwafikia. Na zaidi ya nusu ya wale ambao ukali wa maradhi yao ulikadiriwa walikuwa wakitibiwa kama watu wenye pumu nyepesi au ya kadiri. Ile ni nchi ya barabara nzuri na hospitali nyingi. Kama watu wa huko walidanganyika na nafuu ya bluu, basi mtu wa Nainokanoka au Endulen, ambaye baina yake na mji wa Karatu pana safari ya milima na ukungu, ana sababu kubwa zaidi ya kuligundua jambo hili mapema. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa GINA haukubali tena mtu mzima au kijana atibiwe kwa dawa ya kutuliza peke yake. Humtaka kila mmoja apate na ile ya kupunguza uvimbe, na pampu ichanganyayo budesonidi na formoteroli, ifanyayo kazi zote mbili, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2017.

Mwaka 1959, ule ule ambao Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro liliundwa kwa sheria, Martin Wright, mbunifu wa vyombo vya tiba wa Uingereza, pamoja na mwenzake McKerrow, walitangaza chombo cha kupimia nguvu ya pumzi. Chombo hicho kilikuja kufanywa kidogo na chepesi, kiasi cha kushikwa mkononi. Mgonjwa huvuta hewa hadi mwisho, hupuliza kwa nguvu zake zote mara moja, na mshale huonyesha namba. Thamani yake ni kwamba humlinganisha mtu na nafsi yake. Ikiwa namba bora ya mama yule ni 400, basi 320 na kuendelea ni amani. Kutoka 200 hadi chini ya 320 ni tahadhari. Na chini ya 200 ni hatari ya kukimbilia hospitali. Mshale haujui salamu wala haumstahi mtu. Huweza kushuka siku moja au mbili kabla kifua hakijalalamika, nao humpa mtu nafasi ya kuziba ufa kabla hajalazimika kujenga ukuta.

Ukimya hauaminiki katika maradhi haya. Mgeni afikapo ukingoni mwa Ngorongoro alfajiri ya ukungu huona weupe mtupu, na asiyeambiwa aweza kudhani kwamba mbele yake pana uwanda. Kumbe ardhi imeanguka kiasi cha mita 600. Ndivyo ilivyo kwa kifua. Watu wengi hudhani kwamba mluzi ndio pumu, na mluzi ukinyamaza pumu imeondoka. Lakini mluzi hutokana na hewa inayopita mahali pembamba. Katika pumu kali mno mirija huziba hata hewa haipiti tena kwa kiasi cha kutoa sauti, na kifua kilichokuwa kikilia hunyamaza. Mgonjwa hawezi kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, midomo hubadilika rangi, usingizi na kuchanganyikiwa humjia. Jamaa wasiojua hushukuru kwamba ametulia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na hapana mahali ambapo methali hii ni ya kweli kuliko hapa. Kimya cha namna hiyo ni amri ya kukimbia.

Kadhalika kuna kimya cha miezi. Mtu aweza kujibu hapana kwa maswali yote manne, na bado akawa hatarini, ikiwa katika mwaka uliopita alishikwa vikali, au aliwahi kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, au ameiacha dawa ya kila siku kwa kuwa anajiona amepona. Kwa hiyo utawala wa pumu una nyuso mbili: hali ya leo na hatari ya kesho. Atazamaye uso mmoja hajamjua mtu mzima.

Ikidhihirika kwamba pumu haikutawaliwa, si lazima papo hapo dawa iongezwe nguvu. Kwanza hutazamwa mkono wa mgonjwa. Wengi hubonyeza pampu mapema au huvuta wakati umekwisha kupita, na dawa huishia ulimini. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako ili ishike pampu, humfikishia mtoto dawa kwa ufanisi kama chombo cha duka cha gharama kubwa; na chupa ya namna hiyo haikosekani kando ya barabara yoyote ya Karatu. Pili hutazamwa nyumba: mafiga yako wapi, moshi hutokea wapi, nani analala karibu na moto. Tatu hutazamwa mfuko: je, dawa ya kila siku ilinunuliwa, au fedha zilitosha ile ya bluu tu? Mambo haya matatu hayaonekani kwa kusikiliza kifua. Huonekana kwa kuuliza, na kuuliza kuna ustadi wake.

Wanafunzi wa lugha huenda wakafikiri kwamba mambo haya ni ya matabibu peke yao. Sivyo. Matabibu wamepewa maswali, lakini maswali hayo huishi au kufa katika lugha yanamoulizwa. “Unaendeleaje?” ni maneno mazuri ya kumkaribishia mtu, na haifai kuyaondoa, mgonjwa asiyesalimiwa hafungui moyo. Hata hivyo baada ya salamu sharti lije swali ambalo adabu haiwezi kulifunika. “Mara ngapi?” ni swali la namna hiyo. “Lini?” ni swali la namna hiyo. “Uliacha nini?” ni swali la namna hiyo. Maneno haya ni mafupi na kila mtoto wa shule anayajua, na kwa hayo mwana aweza kumwuliza mama yake, mwalimu mwanafunzi wake, na jirani jirani yake, hata mahali ambapo tabibu yu mbali.

Mama wa Rhotia alipewa dawa ya kila siku, akafundishwa kuivuta, na jiko likahamishiwa nje ya chumba cha kulala. Aliambiwa asitazamie muujiza wa kesho, bali arudi baada ya majuma manne na hesabu yake. Hesabu hiyo yaweza kuwa njema au mbaya. Ikiwa mbaya, dawa itapimwa upya. Lililo kubwa limekwisha kutendeka, kwa kuwa sasa anajua vitu vya kuhesabu: usiku aliolala bila kuamka, mivuto iliyosalia katika pampu, na ubeti wa wimbo aliofika nao mwisho kwa pumzi zake mwenyewe.